Kompyuta ya Gemu kwa Hela za Kudunduliza

Wengi wanaojenga kompyuta ya gemu kwa hela za kudunduliza huanza na kadi ya grafiki. Wameiona YouTube, wameipenda, wameinunua. Purukushani huanza ikifika nyumbani: kasha ni jembamba, kadi haiingii, ikiingia, pawa saplai haina waya wa kuilisha, waya ukipatikana, prosesa ni ya 2012 na gemu inakwamakwama kila uwanja ukijaa watu. Vidokezo hivi vinaanzia upande wa pili: gemu kwanza, kisha nafasi na umeme, kadi baadaye. Vifaa vingi vinavyotajwa hapa ni vya mtumba, vile unavyovikuta Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi. Vipya vimo pia, kwa mwenye uwezo.

1. Andika gemu tatu, si ishirini

Tatu ambazo kweli utazicheza mwezi huu. Kama ni Counter-Strike 2, Valorant na Dota 2, hizo zinaegemea prosesa zaidi kuliko kadi, na kadi ya kawaida inazimudu. Kama ni GTA V na EA Sports FC, kadi yenye gigabaiti 4 itakuvusha kwenye picha ya 1080p, mradi usipandishe kila kitu juu. Kama ni zile kubwa mpya ambazo kila jani la mti lina kivuli chake, hesabu kadi ya gigabaiti 8 na ujiandae kudunduliza tena.

Ukisoma mahitaji ya gemu, ruka safu ya kiwango cha chini. Ile maana yake gemu itafunguka. Kufurahia ni habari nyingine, iko kwenye safu ya pili.

2. Usiidharau mashine ya ofisi

Makampuni ya nje hubadilisha kompyuta za maofisini kila baada ya miaka michache, na zilizotolewa husafiri kuja huku kwa kontena. Ndizo hizi Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizopangwa hadi darini kwenye maduka ya mtumba. Ukinunua moja unapata prosesa, madabodi, RAM, kasha na pawa saplai kwa mkupuo mmoja, na kwa kawaida jumla yake ni ndogo kuliko kukusanya kimoja kimoja kikiwa kipya. Kwa mwenye bajeti ya kubana kweli, mimi sioni njia iliyo bora kuliko hii.

Lakini muuzaji akikwambia “hii ni Core i5” akanyamaza, hajakwambia kitu. Uliza kizazi. Kinasomeka kwenye namba: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-8500 ni cha nane. Kizazi cha tatu ni cha 2012, na hata kikiuzwa bei ya kutupa, kiache: gemu mpya kadhaa zinadai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, na Intel iliyaingiza kwenye kizazi cha nne mwaka 2013. Bila hayo gemu haifunguki kabisa, hata uweke kadi gani.

Ukiweza kuruka hadi kizazi cha nane, ruka. Hapo ndipo i5 za mezani zilipotoka viini vinne zikawa na sita, na ndicho kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukipokea rasmi. Tofauti ya bei kati ya cha sita na cha nane mara nyingi inazungumzika. Tofauti ya matumizi utaiona kila siku.

3. Fungua kasha kabla hujalipa

Mashine moja ya ofisi hutolewa kwa maumbo mawili au matatu. Ile nyembamba inayolazwa chini ya monita inavutia kwa udogo, lakini inapokea kadi za kimo kifupi tu, na hizo ni chache na wauzaji wanalijua hilo. Tafuta ile ya mnara, yenye upana wa kuingiza kadi ya kimo kamili.

Mwambie fundi atoe ubavu. Angalia mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo: nafasi kutoka tundu refu la kadi hadi kwenye vizimba vya hadidiski ni sentimita ngapi, na pawa saplai ina waya gani. Dell OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 290 na haina waya wa ziada wa kadi. Na usidhani utaing'oa tu uweke nyingine: mashine nyingi za Dell na HP za kuanzia kizazi cha nne hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi. Zina yao, ya pini 8 au 6. Kuna adapta za kuunganisha, na zinafanya kazi, ila ziulizie kabla hujanunua pawa saplai mpya.

4. Bila waya wa ziada, chagua kadi isiyozidi wati 75

Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Kadi inayotosheka na hizo haihitaji waya mwingine, na kwa mashine ya ofisi hiyo ndiyo habari njema kuliko zote.

GTX 1650 ya 2019, gigabaiti 4, bado ni chaguo la heshima. Iangalie kwa juu na kwa nyuma: baadhi ya matoleo yana soketi ya pini 6, mengine hayana, na wewe unataka lisilo nayo. RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka 2024 inakula wati 70 na ina nguvu zaidi. Usiichanganye na RTX 3050 ya gigabaiti 8, jina lile lile lakini inakula karibu mara mbili na inataka waya.

RX 6400 inakula wati 53 tu, na inapatikana kwa kimo kifupi. Ina kasoro mbili ambazo muuzaji hatazitaja. Inawasiliana na madabodi kwa njia nne badala ya kumi na sita, kwa hiyo kwenye mashine za zamani inapoteza sehemu ya kasi yake. Na haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, kwa hiyo kama unatamani kurusha mechi zako mubashara, ipite.

GTX 1050 Ti je? Ilikuwa mfalme wa kundi hili tangu 2016. Lakini NVIDIA ilifunga draiva za gemu mpya kwa familia yake Oktoba 2025, ikabakiza marekebisho ya usalama. Kwa gemu za zamani hakuna tatizo, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

5. Ukiwa na waya wa pini 8, mlango unafunguka

Hapa RX 6600 ndiyo inayonivutia zaidi. Ni ya 2021, ina gigabaiti 8, inakula wati 132, na kwa picha ya 1080p haiombi radhi kwa gemu nyingi. Chini yake kuna RX 580 ya gigabaiti 8. Ni kongwe, ya 2017, inakula wati 185 na kuugeuza mfuniko wa kasha kuwa pasi. Ila kwa bei ya mtumba inabaki kadi ya kazi.

Tahadhari moja: kuna RX 580 yenye maandishi 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China. Ina viini vichache kuliko RX 580 kamili, 2048 dhidi ya 2304. Si feki, ila usiilipie bei ya kaka yake.

6. Kadi zenye jina la kuazima

Kuna wajanja wanaochukua kadi za kizamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wanaziandika upya programu ya ndani, kisha Windows inazisoma kama GTX 1050 Ti. Stika mpya, feni mpya, boksi safi. Unagundua ukifungua gemu.

Dawa ni programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Ikikutana na kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina, bila kumwonea mtu haya. Dalili nyingine ya kwa macho: tundu la VGA la buluu. NVIDIA iliacha kutoa mawimbi ya VGA tangu familia ya GTX 10, kwa hiyo kadi inayojiita 1050 Ti huku ina VGA ni ya kushtukia.

Halafu kuna kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi, na rundo kubwa likamwagwa sokoni, RX 570 na 580 zikiwa mstari wa mbele. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kilichochoka zaidi ni feni na vile vitambaa laini vinavyopeleka joto, na vyote vinabadilishika. Sukuma feni kwa kidole: ikicheza-cheza pembeni, omba upunguziwe bei ya feni.

7. Ukijenga upya kabisa, prosesa isizidi mahitaji

Chaguo mbili ninazozirudia kila nikiulizwa: Core i3-12100F na Ryzen 5 5600, zote za 2022. Ya kwanza ina viini vinne na inashinda kwa bei; ya pili ina sita na itakaa na wewe muda mrefu zaidi. Ile herufi F ina maana: prosesa haina grafiki yake, bila kadi monita inabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 nayo ni hivyo hivyo. Kama kadi utainunua baada ya miezi kadhaa, chukua 5600G, ambayo ina grafiki ya ndani ya kukushikilia kwenye gemu nyepesi.

Kwenye madabodi usijitutumue. B450 au B550 inatosha kwa Ryzen hizo, ila B450 ya zamani huenda ikahitaji kusasishwa BIOS kwanza. Mwombe muuzaji afanye hivyo mbele yako. Kwa mgao wa jumla, ukitoa monita, mimi hugawa fedha mafungu kumi. Manne ni ya kadi, mawili ya prosesa, moja la madabodi, moja la pawa saplai, na mawili yaliyobaki yanagombaniwa na RAM, SSD na kasha.

8. Pawa saplai ndiyo sehemu ya mwisho kubanwa

Kasha la bei poa huja na pawa saplai ndani, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa. Soma stika ya pembeni, tafuta safu ya 12V, kwa sababu prosesa na kadi zinakula hapo. Ikisema ampia 17, zidisha: 12 mara 17 ni 204. Hizo ndizo wati zako za gemu, siyo 500. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 huonyesha takriban ampia 36 kwenye safu hiyo.

Nembo ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, ila inapima kiasi cha umeme unaopotea kama joto. Haisemi kama kuna kinga za ndani za kuzuia umeme ukizidi. Uzito unasema zaidi kuliko watu wanavyodhani: ikikaa mkononi kama boksi tupu, ndani kuna nafasi nyingi na vifaa vichache.

Geuza uangalie nyuma. Kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Mzigo uliotoka Marekani huweza kuwa 115, na kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.

Mahali ambapo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, nunua UPS. Kumbuka VA si wati: UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, kompyuta na monita pamoja. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima kwa heshima. Kumaliza mechi ni bahati.

9. RAM mbili zinashinda moja

Gigabaiti 16, kwa vijiti viwili vya 8. Kijiti kimoja cha 16 kina ukubwa ule ule lakini kinapitisha data kwa njia moja, na kwenye gemu utaona tofauti, hasa kama unategemea grafiki ya ndani ya prosesa.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani; hata mkato wa chini uko mahali tofauti. Mashine za ofisi za kizazi cha tatu na cha nne ni DDR3. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vimeelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo mashine ya mtumba inayokuja na gigabaiti 16 ndani ina thamani kuliko inavyoonekana. Muuzaji akitaka kuipunguza RAM ili “akupunguzie bei kidogo”, kataa.

10. SSD ya kawaida inatosha

Ile ya SATA. Za NVMe zina kasi zaidi kwenye karatasi, lakini mashine nyingi za kizazi cha nne haziwezi hata kuwakia kwenye hizo, na katika gemu tofauti ni ya sekunde chache za kusubiri. Kilicho muhimu ni ukubwa: GTA V peke yake inataka zaidi ya gigabaiti 100, kwa hiyo SSD ya 240 itajaa kabla hujaanza kuringa. Nunua 500. SSD ya “terabaiti 2” inayouzwa bei ya chakula cha mchana ina kadi ya memori ndani. Programu ya H2testw itaifichua.

11. Joto na vumbi

Dar, Mombasa na Unguja hewa inayoingia kwenye kasha tayari ni ya moto. Chagua kasha lenye wavu mbele, siyo kioo. Feni mbili, moja ivute mbele, nyingine itoe nyuma. Kwa mashine ya mtumba, badilisha grisi ya joto ya prosesa siku ya kwanza, maana ile iliyopo huwa imekauka kuwa unga. Na mashine usiiweke sakafuni, kwenye vumbi.

12. Taa za rangi

Haziongezi fremu hata moja. Ukibakiwa na chenji, haya.

13. Monita itoke kwenye bajeti nyingine

1080p inatosha, na takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, zinaonyesha ndiyo inayotumiwa na wachezaji wengi. Kwa kadi kama GTX 1650, monita ya 60Hz au 75Hz haikupunji, isipokuwa wewe ni mtu wa Valorant na Counter-Strike tu; hapo 144Hz ina maana. Monita za ofisi za mtumba ni nzuri, ila angalia nyuma: zenye VGA pekee zitadai adapta, kwa kuwa kadi ulizosoma hapo juu hutoa HDMI na DisplayPort.

14. Windows ina masharti yake

Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na chipu ya TPM 2.0. Valorant kwenye Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa, la sivyo inakufungia nje. Kwa mashine kongwe, Linux ni njia halali: Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yake. Valorant, Fortnite na EA Sports FC hazikubali huko, kwa hiyo rudi kwenye orodha yako ya gemu tatu kabla ya kuamua.

15. Okoa bando

Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye Wi-Fi ile ile bila kula data. Rafiki akiwa nayo tayari, beba mashine yako kwake jioni moja. Kama Wi-Fi yake ni dhaifu, waya wa LAN wa mita mbili unafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi.

16. Lipa baada ya dakika ishirini

Mwambie muuzaji aiwashe, aweke kadi ndani, afungue gemu au programu yoyote ya kuichosha kadi. Kaeni nayo dakika ishirini. Kadi yenye matatizo huanza kutoa vidoti vya rangi au kuzima ikipata joto, na dakika tano za kwanza hazionyeshi. Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB. Sikiliza feni. Akisema hana monita ya kujaribia, rudi kesho au nenda duka la jirani. Mtaani maduka yamebanana.

Kisha risiti. Iandikwe jina kamili la kadi, ukubwa wa memori yake, namba iliyo kwenye stika na siku za kurudisha. “Kadi ya grafiki, 1” haitakusaidia ukirudi nayo Jumatatu.